Minara ya Kengele: Upi Mrefu, Upi Mkongwe, Upi Umeinama Kuliko Yote?

Kabla ya nondo, kabla ya zege la kisasa, kabla ya kreni za injini, mafundi wa Ulaya walipandisha mawe angani kwa kamba na magurudumu makubwa ya mbao. Watu walitembea ndani ya magurudumu hayo siku nzima ili jiwe moja lifike juu. Huko juu wakatundika kengele za tani na tani. Baadhi ya minara hiyo imevuka miaka 800 na bado inapiga saa za sala.

Sheria za mashindano yetu ni mbili. Mnara uwe wa kanisa, na uwe umeanza kujengwa Zama za Kati, yaani kati ya mwaka 500 na 1500 hivi. Mizani iko tayari. Twende.

1. Mrefu kuliko yote: Strasbourg, mita 142

Jengo la Times Tower pale Haile Selassie Avenue, Nairobi, lina mita 140. Ongeza mita mbili juu yake na umefika kilele cha kanisa kuu la Strasbourg, Ufaransa, kilichokamilika mwaka 1439. Hakuna kanisa lililosimama hadi leo, likiwa limejengwa lote ndani ya Zama za Kati, linalolipita hili kwa urefu.

Taji la dunia lilikuja kwa bahati mbaya ya wengine. Mwaka 1647 radi iliunguza kilele cha kanisa la Mtakatifu Maria mjini Stralsund, Ujerumani, chenye mita 151. Strasbourg ikapanda nafasi ya kwanza na kukaa hapo hadi 1874: miaka 227 bila jengo lolote duniani kulizidi. Na hiyo ni kwa mnara mmoja tu! Wa pili, uliopaswa kusimama pembeni yake, haukujengwa kamwe.

Wajuzi watauliza: na Lincoln je? Kweli, kilele cha kanisa kuu la Lincoln, Uingereza, kilifika mwaka 1311 urefu unaokadiriwa kuwa mita 160, na ndicho kinachotajwa kuwa kitu cha kwanza kilichojengwa na binadamu kuipita Piramidi Kuu ya Misri, baada ya zaidi ya miaka 3,800. PSPF Towers za Dar es Salaam, kwa mita zake 153, zingekitazama kutoka chini. Lakini kilianguka mwaka 1548 na hakikurudishwa. Katika mashindano haya anayehesabiwa ni aliyesimama.

Medali ya matofali inakwenda Landshut, Ujerumani: kanisa la Mtakatifu Martin, mita 130, lililokamilika mwaka 1500. Ni mnara wa kanisa mrefu kuliko yote duniani kwa yale yaliyojengwa kwa matofali.

Waholanzi nao hawakubaki nyuma. Mnara wa Dom mjini Utrecht, uliojengwa kati ya 1321 na 1382, una mita 112. Jengo la KICC la Nairobi lina 105. Fundi wa Utrecht angeweza kukaa juu ya mnara wake na kuitazama KICC kwa chini, miaka karibu 600 kabla KICC haijachorwa. Tarehe 1 Agosti 1674 dhoruba iliangusha sehemu ya kati ya kanisa hilo, mnara ukabaki upande mmoja na madhabahu upande mwingine, na hadi leo watu hupita kwenye uwanja ulio wazi kati ya viwili hivyo. Mnara uliingia kwenye jukwaa la ukarabati mwaka 2019, ukatoka 2024.

2. Uliojengwa taratibu kuliko yote: Cologne, miaka 632

Jiwe la msingi la kanisa kuu la Cologne liliwekwa 1248. Kazi ilikamilika 1880. Ukitaka kipimo cha pwani: kanisa hili lilianza kabla Ibn Battuta hajatua Kilwa (1331), likawa limekwama nusu njia wakati Fort Jesus ikijengwa Mombasa (1593), na likakamilika wakati Seyyid Barghash akitawala Zanzibar. Ujenzi mmoja!

Siyo kwamba mafundi walikuwa wavivu. Fedha zilikauka na hamu ikapoa. Mnara wa kusini ulisimama ukiwa na mita 59 hivi, na kreni ya mbao ikaachwa juu yake. Kreni hiyo ilikaa pale zaidi ya miaka 400, vizazi kwa vizazi, mpaka ikawa alama ya mji kabla ya mnara wenyewe. Iliteremshwa 1868, kazi ilipokuwa imeanza upya. Waliomalizia hawakubuni sura yao: walifuata mchoro wa Zama za Kati wa uso wa kanisa, ambao vipande vyake vilipatikana mwanzoni mwa karne ya 19. Minara yote miwili ikafika mita 157, na kwa miaka minne hakukuwa na jengo refu zaidi duniani.

Nafasi ya pili ni Ulm, pia Ujerumani: 1377 hadi 1890, miaka 513. Ulm ilipoanza ujenzi ilikuwa na watu kama 10,000, yaani mji mzima ungeenea kwenye viti vya uwanja wa Azam Complex pale Chamazi. Watu hao 10,000 wakaamua kujenga kanisa la kusimama watu 20,000. Huko ndiko kuthubutu! Mnara wao wa mita 161.5, wenye ngazi 768, ulikuwa wa kanisa refu kuliko yote duniani hadi tarehe 30 Oktoba 2025, Sagrada Família ya Barcelona ilipouvuka.

3. Ulioinama kuliko yote: siyo Pisa!

Uliza mtu yeyote naye atajibu Pisa. Mwaka 2007 kitabu cha rekodi cha Guinness kilitoa taji hilo kwa mnara wa kijiji ambao wengi hawajawahi kuusikia: Suurhusen, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, karibu na Bahari ya Kaskazini. Umeinama nyuzi 5.19. Pisa ya leo ina nyuzi 4 tu.

Mnara wenyewe ni mfupi, mita 27 na ushei. Lakini kilele chake kimetoka nje ya msingi kwa mita 2.47. Mwamba wa juu wa goli la mpira uko mita 2.44 kutoka chini. Lilaze goli hilo ubavu, na kilele cha Suurhusen bado kinalizidi kwa sentimita tatu.

Sababu iko ardhini. Wajenzi wa mwaka 1450 waliweka mnara juu ya magogo ya mwaloni ndani ya udongo wa kinamasi. Gogo likizama kabisa majini halipati hewa, na bila hewa haliozi. Likadumu miaka mia kadhaa. Karne ya 19 watu wakakausha kinamasi ili wapate mashamba, maji yakashuka, hewa ikaingia, magogo yakaanza kuoza upande mmoja kabla ya mwingine. Mnara ukafuata. Ulifungwa 1975 kwa hofu ya kuanguka, na ukaimarishwa mwaka 1996. Lile gogo ndilo la kukumbuka, maana litarudi tena mbele.

Ujerumani yenyewe imeshatoa mpinzani mwingine: mnara wa Gau-Weinheim, unaotajwa kufika nyuzi 5.43. Huo ulianza kama mnara wa ulinzi, kengele zikaja baadaye, kwa hiyo kwa sheria zetu Suurhusen inabaki na taji lake.

4. Uokoaji mkubwa kuliko wote: Pisa

Kwa kuinama Pisa imeshindwa. Kwa kuokolewa, hakuna anayeikaribia.

Tupime kwanza uzito: tani 14,500. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori kubwa kabisa lipite mizani likiwa na tani 56, mzigo na gari pamoja. Kwa hiyo mnara wa Pisa ni malori 259 yaliyojaa hadi mwisho. Yapange moja nyuma ya jingine na foleni itavuka kilomita 5. Mzigo wote huo umekaa juu ya duara la kipenyo cha mita kama 15 na nusu, kwenye msingi wa mita 3, ndani ya udongo laini wa mfinyanzi na mchanga.

Ujenzi ulianza 1173. Kufikia 1178, ghorofa tatu zikiwa zimesimama, ardhi ilikuwa imeanza kuzama, kisha vita vikasimamisha kazi kwa karibu miaka 100. Vita hivyo ndivyo vilivyouokoa! Udongo ulipata muda wa kushindiliwa na uzito uliokuwa juu yake. Kama mafundi wangeendelea moja kwa moja, ardhi ingeshindwa na mnara ungepinduka ukiwa mchanga. Kazi iliporudi mwaka 1272 mafundi walijaribu kunyoosha mambo kwa kufanya kuta za upande uliozama ziwe ndefu kidogo kuliko za upande wa pili. Ndiyo maana ukiutazama vizuri haukuinama tu, umepinda kama ndizi. Chumba cha kengele, chenye kengele saba, kilikamilika karibu na 1372.

Mwaka 1934 Mussolini aliona aibu taifa kuwa na mnara uliopinda, akaamuru saruji isindiliwe kwenye msingi. Mnara ukainama zaidi.

Kisha Machi 1989 mnara wa zama hizohizo mjini Pavia ulianguka ghafla na kuua watu wanne. Serikali ya Italia haikusubiri. Tarehe 7 Januari 1990 Pisa ilifungwa, ikiwa imeinama nyuzi 5 na nusu, na kamati ya wataalamu chini ya Michele Jamiolkowski ikakabidhiwa kazi. Mwaka 1993 wakapanga tani 600 za madini ya risasi juu ya msingi upande wa kaskazini ili kuuvuta nyuma. Ukasogea kidogo sana, lakini ulisogea upande unaotakiwa.

Septemba 1995 karibu wapoteze kila kitu. Walitaka kufunga nyaya za chuma ardhini, kwa hiyo wakagandisha udongo kwa nitrojeni ya majimaji ili wachimbe bila maji kuingia. Usiku mmoja mnara ukaenda kusini kiasi ambacho kwa kawaida ungekwenda kwa mwaka mzima. Kazi ikasimamishwa palepale, na tani 300 nyingine za risasi zikapandishwa.

Dawa iliyofanya kazi ilikuwa ya kushangaza kwa urahisi wake: kutoa udongo. Mhandisi wa Uingereza John Burland alikuwa mstari wa mbele kuitetea. Waliingiza mabomba membamba kwa mshazari chini ya upande wa kaskazini, ule ulioinuka, na kuchomoa udongo kidogo kidogo, wakipima kila siku, ili mnara uketi wenyewe kwenye nafasi iliyobaki. Udongo wote uliotoka ni mita za ujazo 38. Hizo ni safari mbili tu za tipa kubwa la mchanga! Safari mbili za tipa zikahamisha malori 259.

Kilele kilirudi nyuma karibu sentimita 45, mnara ukawa na mwinamo wa mwanzoni mwa karne ya 19. Milango ilifunguliwa tena tarehe 15 Desemba 2001, na mwaka 2008 Burland akatangaza kwamba mnara umeacha kusogea, mara ya kwanza tangu ujengwe. Wangeweza kuunyoosha zaidi. Hawakutaka, na walifanya vyema, kwa sababu Pisa iliyonyooka ni mnara mwingine kabisa.

Na udongo ule uliolaumiwa miaka yote? Utafiti wa wahandisi uliotangazwa 2018 unaonyesha kwamba ulaini wake, pamoja na ugumu wa mnara, ndio unaozuia mnara usitikisike kwa mdundo wa tetemeko. Eneo hilo limepigwa na matetemeko makubwa yasiyopungua manne tangu mwaka 1280. Mnara uko palepale.

5. Msingi mfupi kuliko yote: Salisbury, mita 1.2

Kaburi la futi sita ni refu kuliko msingi huu. Juu yake kuna mita 123 za jiwe, kilele kirefu kuliko vyote Uingereza. Kwa kila mita moja chini, kama mita 100 juu!

Kanisa la Salisbury halikupangiwa kilele hicho. Liliwekwa wakfu 1258 likiwa na mnara mfupi tu. Karne ya 14 mafundi wakaongeza mnara mrefu na ncha yake, kama tani 6,500. Nguzo nne za katikati ya kanisa zililemewa, na ukisimama chini yake na kutazama juu unaona kwa macho jinsi zilivyopinda. Mwaka 1668 Christopher Wren alishusha timazi na kukuta kilele kimetoka kwenye mstari kwa sentimita 75 hivi. Hakikuanguka. Kimebebwa na kokoto: kitanda kinene cha changarawe kilichojaa maji ya mto jirani. Walinzi wa kanisa bado hupima kina cha maji hayo kwa namna ile ile ambayo mwenye kisima angefanya. Sakafuni kuna kifuniko kidogo, wanakiinua, wanatumbukiza ufito mpaka chini, wanasoma ulipolowa.

Kengele hazikutundikwa humo. Zilikuwa na mnara wao pembeni, ambao ulibomolewa mwishoni mwa karne ya 18.

6. Karakana yenye miaka mingi: Strasbourg, tangu 1224

Tunarudi Strasbourg kwa rekodi ya pili. Taasisi ya Œuvre Notre-Dame, inayotunza kanisa lile, inatajwa kwenye maandishi tangu 1224, na mwaka 2024 ilitimiza miaka 800 ikiwa bado ina waashi wanaochonga jiwe kwa mkono. Mwaka 2020 UNESCO iliandikisha ujuzi wa karakana za namna hiyo, kutoka nchi tano za Ulaya, kama mfano mwema wa kuhifadhi urithi.

Kazi yao ngumu kuliko zote ilikuwa chini ya ardhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyufa zilitokea kwenye nguzo inayobeba mnara. Msimamizi wa majengo, Johann Knauth, akachimba na kukuta kisa cha Suurhusen kikijirudia: magogo ya msingi yaliyokuwa majini kwa mamia ya miaka yalikuwa yameoza kwa sababu maji ya ardhini yalishuka. Hapa lakini siyo mita 27 za kijijini, ni mita 142 juu ya mji. Knauth akaibeba nguzo kwa zege, akaondoa msingi mbovu, akaanza kujenga mpya chini ya mnara ambao haukuteremshwa hata jiwe moja. Kazi ilimalizika 1926.

Katika mashindano yote haya, mimi ningempa Knauth kombe la ufundi. Ndiye aliyeanzisha kazi ya kubadilisha miguu ya mnara mrefu kuliko yote ukiwa umesimama.

7. Uliojisokota kuliko yote: Chesterfield

Fundi seremala yeyote wa Keko, Dar es Salaam, anajua: mbao mbichi zikikauka zitafanya zitakavyo. Kilele cha kanisa la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote mjini Chesterfield, Uingereza, kilijengwa karibu na 1362 kwa mbao mbichi, kisha kikafunikwa kwa takriban tani 33 za mabati ya risasi. Mbao zikajikunja, risasi ikatanuka kwa jua upande wa kusini kuliko kaskazini, na kilele chote kikageuka nyuzi 45 kama nguo inayokamuliwa. Juu ya hapo kimeinama karibu mita 3. Ncha iko kama mita 70 kutoka chini, na kengele bado zinalia.

8. Mkongwe, na mwenye mlango wa juu: Ireland

Mwaka 950 kumbukumbu za watawa wa Ireland ziliandika kwamba Wavaikingi wa Dublin walichoma nyumba ya kengele ya Slane pamoja na watu waliokuwa ndani. Hiyo ndiyo habari ya kwanza iliyoandikwa ya ile minara ya mviringo ya Ireland, myembamba kama penseli, ambayo kadiri ya 65 imesalia ikiwa mizima au magofu.

Bingwa wao ni Kilmacduagh, mita 34. Umeinama zaidi ya nusu mita, na mlango wake uko zaidi ya mita 7 kutoka chini! Ni sawa na kuingia nyumbani kupitia dirisha la ghorofa ya pili. Wengine husema ni kwa ajili ya kujificha na maadui, wengine husema kutoboa mlango chini kungeudhoofisha ukuta ambao msingi wake ni mfupi. Hoja ya pili ina nguvu zaidi kwangu, kwa sababu bomba refu lililofungwa juu, lenye sakafu za mbao ndani, ni tanuri, siyo ngome. Watu wa Slane walilijua hilo kwa uchungu.

9. Kengele kubwa, kengele kongwe: Erfurt na Hersfeld

Gloriosa. Tani 11.45, kama ndovu dume wawili. Kipenyo cha mdomo wake ni mita 2.56, upana wa basi zima la mikoani! Ilimiminwa mwaka 1497 na Geert van Wou, fundi wa Kiholanzi, kwa ajili ya kanisa kuu la Erfurt, Ujerumani. Mwaka huohuo Vasco da Gama aling'oa nanga Lisbon, na uliofuata akatia Malindi. Kati ya kengele za Zama za Kati zinazobembea, hakuna inayoifikia kwa ukubwa.

Imepasuka mara mbili katika kizazi chetu. Mwaka 1985 ufa ulichomelewa, na 2004 ikateremshwa na kupelekwa kwa mafundi wa Nördlingen, wakaipasha moto taratibu, wakauchomea ufa mpya, wakairudisha. Leo inapigwa kwenye sikukuu kubwa tu. Siku ya kawaida haiguswi.

Kwa umri, taji ni la kengele ya Lullus mjini Bad Hersfeld: maandishi yake yanaonyesha mwaka 1038, na hakuna kengele ya kumiminwa nchini Ujerumani yenye tarehe ya zamani zaidi. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wenye maandishi ya mwaka 1107, ni mdogo wake kwa miaka 69.

10. Ndoto kubwa iliyokatika: Mechelen

Walipanga mita 167, wakaishia 97. Mnara wa Mtakatifu Rumbold mjini Mechelen, Ubelgiji, ulianza 1452 na kusimama 1520. Mita 70 zilizokosekana ni nusu ya Times Tower. Hata hivyo una ngazi 538 na seti mbili za kengele 49 kila moja, zinazopigwa kwa vitufe kama kinanda, na mwaka 1922 mji huo ulifungua shule ya kwanza duniani ya kufundisha upigaji huo.

11. Uliozama: Curon

Katika Ziwa Resia, Italia, karibu na mpaka wa Austria, mnara wa kengele wa kijiji cha Curon, wa mwaka 1357, umetoka majini peke yake. Mwaka 1950 bwawa la umeme lilipandisha maji kwa mita 22, likameza nyumba 163 na hekta 523 za mashamba, sawa na viwanja zaidi ya 700 vya mpira. Kanisa lilibomolewa, mnara ukaachwa. Kengele ziliondolewa kabla ya maji kufika. Nyufa zake zilizibwa 2009. Majira ya baridi ziwa likiganda, watu huenda kwa miguu hadi ukutani.

12. Ulioanguka bila kuua mtu: Venice

Mita 98.6. Mabasi manane ya mita 12, moja juu ya jingine, na bado kuna nafasi. Asubuhi ya tarehe 14 Julai 1902 mnara wa Mtakatifu Marko uliporomoka wote kwenye uwanja uliojaa watu kila siku. Aliyekufa: paka wa mlinzi. Ufa ulikuwa umeonekana siku chache kabla, watu wakaondolewa, na hilo ndilo lililookoa maisha. Kati ya kengele tano ni moja tu, Marangona, iliyotoka nzima.

Baraza la mji liliamua jioni ileile: utajengwa upya, ulivyokuwa, ulipokuwa. Msingi ukapanuliwa kwa nguzo za miti zaidi ya 3,000, na tarehe 25 Aprili 1912 mnara ukazinduliwa. Miaka kumi, kasoro miezi! Wazanzibari, ambao waliona sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib pamoja na mnara wake wa saa zikianguka tarehe 25 Desemba 2020 katikati ya ukarabati, wanaujua uzito wa uamuzi wa namna hiyo.

13. Ulionusurika kwa dakika: Notre-Dame, Paris

Minara miwili ya Notre-Dame, mita 69 kila mmoja, ilikamilika karne ya 13. Ndani yake kengele hazikuning'inizwa kwenye ukuta. Zimebebwa na fremu kubwa ya mbao, kwa sababu mbao humeza mtikisiko ambao ungepasua jiwe. Ufundi wa hali ya juu, na usiku wa tarehe 15 Aprili 2019 ukawa hatari kuliko kitu chochote ndani ya jengo. Paa lilikuwa linawaka, ncha ya katikati imeshaanguka, na moto ukaingia kwenye fremu ya mnara wa kaskazini wenye kengele nane. Fremu ikiungua, kengele zinaanguka. Kengele zikianguka, mnara unavunjika. Na mnara wa kaskazini ungemvuta jirani yake wa kusini.

Zimamoto zaidi ya 400 walikuwa kazini. Kikosi kidogo kilipanda ngazi nyembamba za mnara wenyewe, kikisukuma maji kwenye moto kutoka ndani, huku kikijua kwamba hakuna njia nyingine ya kushuka. Walishinda. Serikali ya Ufaransa ilisema baadaye kwamba jengo liliokolewa ndani ya nafasi ya dakika 15 hadi 30. Hayo ni mapumziko ya mechi, au mara mbili yake!

Fremu ikatengenezwa upya, kengele zikateremshwa, zikasafishwa na kupandishwa tena. Tarehe 8 Novemba 2024, mwezi mmoja kabla ya kanisa kufunguliwa, zote nane zilipigwa pamoja kwa mara ya kwanza tangu moto.